Sketi ya Kushukia Bondeni

Barabara inayotoka Mto wa Mbu na kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa haina huruma na mavazi. Chini kule, karibu na Ziwa Manyara, uko mita 960 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya migomba na majaruba ya mpunga. Unapita Rhotia, na baada ya kilomita zipatazo 30 uko Karatu mjini, kwenye mita 1,500. Ukiendelea hadi lango la Lodoare na kuupanda msitu wenye ukungu, unatokea ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 na ushei. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake ni kwamba mwanamke anaweza kutoka asubuhi kwenye baridi ya kutetemesha, akawa juani bondeni saa saba mchana, huku nyuzi 8 au 9 zikiwa zimeongezeka kwa sababu ya mteremko peke yake, kabla hujahesabu jua.

Wanaoishi hivyo ni wengi: wapishi na wahudumu wa kambi, walimu, wauza ndizi, wafanyabiashara wa nguo wanaofuata minada, akina mama wa vitunguu. Wengi wao huvaa sketi, kwa mila, kwa dini, kwa sare ya kazi au kwa kupenda. Nimewaona wengi mno wakiteswa na sketi walizolipia fedha nzuri. Inabana inapotakiwa kuachia, inanata, inachubua mapaja, inageuka kuwa mzigo wakati wa kupanda gari. Mateso haya yana dawa, na dawa yenyewe iko mikononi mwa muuza vitambaa na fundi cherehani. Tumezoea kudhani kuwa joto linatibiwa kwa kufupisha. Mimi nashikilia kuwa kitambaa na mkato vina uzito kuliko urefu, na wanawake wa ukanda huu wamelijua hilo tangu zamani.

Tuanze na joto lenyewe, kwa sababu si la aina moja. Joto la Mto wa Mbu lina unyevu. Mvua inayonyesha nyanda za juu huzama ardhini, kisha maji yake huchomoza kama chemchemi chini ya ukuta wa bonde, yakaulisha msitu wa Manyara na kumwagilia mashamba. Masika yanapokaribia, hewa ya hapo huwa nzito. Joto la Mang'ola, upande wa Ziwa Eyasi, ni kavu. Lina jua kali, upepo na vumbi, hata kama mifereji ya vitunguu inatiririka maji pembeni yako.

Mwili hupoa pale jasho linapokauka. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho halikauki, linabaki kuteleza mapajani na kulowesha kiuno. Kinachosaidia wakati huo ni hewa inayotembea. Sketi pana iliyokatwa vizuri hufanya kazi ya mvukuto wa mhunzi: kila hatua inaingiza hewa mpya kupitia pindoni na kuisukuma nje ile iliyopata moto. Sketi inayobana mapajani haiwezi kufanya hivyo hata ikiwa fupi. Kwenye ukavu wa Mang'ola hali inageuka. Jasho linakauka upesi, adui mkubwa ni jua linalopiga ngozi moja kwa moja, na kitambaa kirefu kinachofika kwenye vifundo vya miguu ni kinga.

Sasa kitambaa. Gramu 100 za pamba, katika hewa ya kawaida, hushika karibu gramu 8 za unyevu na bado ukiigusa unaiona kavu. Reyoni, ambayo lebo nyingi za mitumba huiita viskosi, hushika zaidi ya gramu 11. Kitani nacho kiko karibu na hapo. Poliesta haifiki hata gramu 1. Ndiyo maana sketi ya poliesta, hata ikiwa nyepesi kama karatasi, inakunatia miguuni ukishuka kwenye gari pale Mto wa Mbu. Jasho halina pa kwenda.

Tatizo ni kwamba madukani poliesta imevaa sura ya pamba. Kitenge kinachong'aa rangi, kilichokunjwa vizuri na kuwekwa rafuni, kinaweza kuwa pamba tupu au plastiki tupu, na bei haikuambii ukweli sikuzote. Omba nyuzi mbili tatu kutoka kwenye ukingo wa kitambaa, uende nazo nje, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kwa mwali, ikanuka kama karatasi inayoungua, ikaacha majivu laini yanayopukutika ukiyafikicha. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Ukiona vyote viwili, majivu na vidonge, kitambaa kimechanganywa. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakasirika. Anayekataa amekujibu tayari.

Khanga bado ni kitambaa cha kuaminika zaidi kwa joto la unyevu, mradi iwe ya pamba, maana siku hizi nazo zimeingiliwa. Ni nyepesi, inafulika na kukauka upesi, na doti moja inatosha sketi ya mtu mzima. Ila ni nyepesi kiasi cha kuonyesha umbo ukisimama dhidi ya mwanga, kwa hiyo inahitaji gagulo. Hapo ndipo wengi huharibu kila kitu: sketi ya pamba safi inawekewa gagulo la nailoni au bitana ya poliesta. Ngozi yako haijui kilichoko nje, inajua kilichoigusa. Gagulo lishonwe kwa pamba nyepesi, lifike juu kidogo ya pindo, na liwe pana kama sketi yenyewe. Kama sketi inaonyesha sehemu ya juu tu, weka bitana mpaka magotini na uiache sehemu ya chini ipumue.

Mitumba nayo isidharauliwe. Siku za mnada wa Karatu, kwenye marundo yaliyotandazwa chini, hupatikana sketi za kitani na za reyoni ambazo ukizitafuta mpya dukani utalipa mara nyingi zaidi. Soma lebo ya ndani, kisha tazama mishono ya kiunoni na zipu. Sketi kubwa kupita kiasi si kasoro, ni mtaji: fundi anaweza kuifumua na kuikata upya, kwa kitambaa ambacho kimeshafuliwa mara nyingi na hakitaruka wala kuchuja tena.

Kwenye mkato nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha hupotea. Mkato ninaoupendekeza kwa bonde hili ni solo nusu, yaani sketi ya nusu duara. Hesabu yake ni nzuri. Mwenye kiuno cha sentimita 76 anayetaka sketi ya urefu wa sentimita 85 anahitaji nusu duara ambayo kutoka ncha hadi pindo ina sentimita 109. Kitenge cha kawaida kina upana wa sentimita 115 hivi. Kwa hiyo solo nusu inatoka kwenye kitambaa kimoja bila kiungo, inakula mita 2 na robo, na pindo lake linazunguka karibu mita 3 na nusu. Huo ni upana wa kutosha kutembea, kupanda gari, kuinama na kukaa chini mkekani bila wasiwasi. Solo kamili ya vipimo hivyo hivyo inakula karibu mita 4, na pindo lake linapita kidogo mita 6. Inapendeza sana harusini, lakini kwenye unyevu ni uzito wa kubeba, na upepo wa Mang'ola utaicheza utakavyo.

Kuna jambo moja mafundi wazuri hulifanya na wenye haraka huliruka. Kitambaa cha solo kimekatwa mshazari, kwa hiyo baadhi ya sehemu huvutika zenyewe na kushuka. Sketi itundikwe usiku kucha kabla ya kupimwa na kukunjwa pindo. Isipotundikwa, baada ya kuivaa mara chache pindo litakuwa limeshuka pembeni na kubaki juu mbele. Mwombe fundi muda huo. Kama una safari kesho, subiri, au chagua mkato mwingine.

Mkato huo mwingine ni wa vipande sita au vinane, unaokaa vizuri kiunoni na nyongani kisha ukafunguka kuelekea chini. Unawafaa wenye nyonga pana wanaoona solo inawaongezea mwili. Marinda nayapenda, hasa rinda boksi, yakianzia chini ya nyonga. Yakianzia kiunoni, yanarundika kitambaa mara tatu pale pale ambapo jasho hukusanyika. Sketi ya penseli ni ya ofisini. Ukilazimika kuivaa, mpasuo uwe nyuma au pembeni na ufike mahali pa kukuruhusu kupandisha mguu kwenye ngazi ya Landkruza bila kuishika sketi kwa mikono miwili.

Kiunoni weka mkanda bapa mbele na lastiki nyuma tu. Lastiki ya kuzunguka kiuno chote inashika jasho na kuacha alama, na baada ya saa nne barabarani utalitamani fundo la khanga. Lastiki ya nyuma inakupa nafasi ya kula na kukaa, na mbele unabaki nadhifu. Halafu dai mifuko. Miwili, ya ndani ya mshono, yenye kina cha kiganja. Mafundi wengine huona mifuko ni usumbufu, lakini mama anayeuza sokoni anahitaji mahali pa chenji na simu.

Na mapaja? Hili huzungumzwa kwa kunong'ona, na linaumiza wanawake wengi, wanene na wembamba. Ngozi mbili zenye jasho zikisuguana kwa kilomita mbili tatu zinachubuka. Vaa taiti fupi ya pamba inayofika katikati ya paja. Ni joto kidogo zaidi, kweli, lakini ni joto kavu. Kama huwezi kuvaa taiti, mafuta mazito ya mgando kabla ya kutoka yanasaidia kwa muda.

Watu wa ukanda huu walitatua mambo haya kabla cherehani haijafika. Wanawake wa Kiiraqw walivaa sketi za ngozi iliyolainishwa, na zile zilizofungamana na mila ya unyago wa wasichana, iliyoitwa Marmo, zilishonewa shanga kwa mistari na maumbo ya ustadi mkubwa. Mila hiyo ilikoma wakati wa utawala wa Waingereza, na baadhi ya sketi hizo leo zimo katika makumbusho ya nje ya nchi. Kwa upande wa Eyasi, wanawake wa Kidatoga walioolewa wana sketi ya ngozi iliyokatwa vipande vyembamba vingi vinavyoning'inia hadi chini. Itazame inavyotembea. Vipande vinaachana na kukutana, hewa inapita katikati, mguu uko huru, na bado mwili umefunikwa kikamilifu. Fundi yeyote anayetaka kujifunza namna ya kufanya sketi ndefu iwe nyepesi mwendoni angepaswa kuanzia hapo.

Wakubwa wa enzi zilizopita hawakuliona hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Mkoa wa Arusha, serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache ngozi na lubega, wavae nguo zilizoitwa za kisasa. Waliokataa walikutana na vikwazo, hata kunyimwa kupanda mabasi. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU nao ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi za mini, mawigi na suruali za kubana zilikuwa marufuku. Kabla hata tarehe hiyo haijafika, Kariakoo jijini Dar es Salaam vijana waliwashambulia wanawake kwa sababu ya mavazi yao. Ukizisoma kampeni hizi mbili pamoja unaona jambo la kusikitisha. Mwanamke wa Dar es Salaam alikosea kwa kuonyesha miguu, na wafugaji wa Ngorongoro wakakosea kwa kuvaa mavazi ya wazazi wao. Kila upande mwili ulipimwa kwa macho ya wengine, na hakuna aliyeuliza mvaaji anafanya kazi gani, juani au kwenye ukungu.

Kazi ndiyo kipimo ninachokiamini. Mama anayevuna vitunguu Mang'ola anainama tangu asubuhi, anasimama kupumua, anainama tena. Sketi yake inahitaji nafasi ya nyuma na urefu usiokanyagika, kwa hiyo pindo liishie katikati ya muundi, na khanga ya pili ifungwe juu yake ipokee matope. Mchuma kahawa kwenye mashamba ya Oldeani anapita kati ya matawi, na sketi pana mno itanaswa. Huyo mshonee vipande sita, kitambaa kizito kidogo, umande wa asubuhi usimpenye.

Bodaboda ni suala la uhai. Wengi hukaa upande kwa sababu sketi hairuhusu kukaa kwa kutanua miguu, na wanaofanya hivyo wana mahali pachache pa kujishikilia pikipiki inapoyumba kwenye makorongo. Kitambaa kinachopepea karibu na mnyororo na spoku kinaweza kuvutwa ndani. Solo nusu yenye taiti chini yake inakuruhusu kukaa sawasawa. Kusanya kitambaa mbele, ukibane chini ya mapaja yote mawili, hakikisha hakuna ncha inayoning'inia upande wa mnyororo, ndipo umwambie dereva aondoke.

Rangi nayo ina sababu zake. Vumbi la Karatu ni jekundu, na nyeupe itakuwa imebadilika kabla hujafika sokoni. Kahawia, rangi ya udongo, kijani kilichokolea na maua ya kitenge yaliyochanganyika huvumilia zaidi. Ukienda kwenye mapori ya bondeni yenye mbung'o, epuka bluu iliyokolea na nyeusi. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, na mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu hiyo hiyo. Jioni, pale Mto wa Mbu, urefu unapata faida nyingine: mbu wanapenda sana miguu na vifundo, na sketi ndefu iliyo pana, isiyogusana na ngozi, huwapa kazi. Iliyobana haiwazuii, wanachoma kupitia kitambaa.

Juu, ukingoni mwa kreta, hasa Juni hadi Agosti, kila nilichosema juu ya wepesi kinahitaji mwenzake. Wanawake wa Kimasai wa Ngorongoro huvaa kwa tabaka: nguo ya ndani, shuka, shuka nyingine juu, na jua likichomoza wanapunguza moja baada ya nyingine. Mwalimu wa Karatu anayeshuka bondeni anaweza kufanya vivyo hivyo. Asubuhi avae sketi ya pamba na gagulo, leginzi chini yake, shuka mabegani. Akifika Manyara, leginzi na shuka viko kwenye mkoba, sketi ni ile ile.

Wapo ambao hawana uchaguzi huu, na kwao naandika kwa uchungu. Ni wasichana wa shule na wafanyakazi wa hoteli na kambi. Sketi zao huamuliwa na kamati, na kamati mara nyingi huchagua poliesta kwa sababu haikunjamani, haichuji na ni rahisi. Sababu hizo naziheshimu. Mzazi anayenunua sare moja ya kuvaliwa mwaka mzima anataka kitambaa kinachodumu. Lakini msichana aliyekaa chini ya bati Mang'ola saa nane mchana, akiwa na marinda ya poliesta yaliyomnata miguuni, anasoma kwa shida, na akiwa hedhini shida hiyo inazidi. Mhudumu anayebeba sinia tangu alfajiri anastahili kitambaa kinachonyonya jasho lake. Kuna mchanganyiko wa pamba na poliesta ambao pamba ni nyingi zaidi. Unadumu, hauhitaji pasi kali, na unapitisha hewa. Marinda yanaweza kuanzia chini ya nyonga bila gharama ya ziada, na mfuko mmoja ni kipande cha kitambaa ambacho fundi angekitupa.

Sare za Januari huagizwa miezi kadhaa kabla. Mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, meneja wa hoteli: kabla ya kutia saini, ombeni sampuli ya kitambaa, mchomoe nyuzi mbili, mziwashe, kisha mwiteni mmoja wa watakaoivaa ajaribu kuinama, kupanda ngazi na kukaa nayo juani kwa saa moja. Jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.